Miiba ya Kwenye Miamba

Enzi za Mjerumani, sotoka iliua ng'ombe wengi Oldonyo Sambu, nyuma ya Mlima Meru. Namelok na mumewe Lerionka wakashuka Tanga kutafuta kazi. Kisioki, mdogo wa Lerionka, alifuatana nao. Wanaume wakawa wanabeba mawe ufukweni.

Siku moja Kisioki aliingia majini pekupeku, kati ya miamba. Akakanyaga mnyama mweusi wa mviringo, mwenye miiba kama nungunungu. Miiba ikakatikia kwenye unyayo. Wenzake wakamshika, wakauchokoa mguu kwa kisu. Jeraha likaoza. Homa ikapanda. Kisioki akazikwa huko huko, mbali na mlima wao.

Kabla machozi hayajakauka, Lerionka naye alirudi akichechemea.

"Leta kisu," alisema, akisaga meno.

Namelok alikishika kisu. Akamkumbuka Kisioki. Akakitupa chini, akakimbilia kwa jirani yao, Bi Mwanakombo, mwokota chaza.

"Shikamoo, Bibi! Mume wangu amekanyaga yule mnyama wa miiba!"

"Marahaba, mwanangu. Kachemshe maji. Kisu kiache."

Bi Mwanakombo aliyapoza maji kidogo, akayajaribu kwa mkono wake mwenyewe.

"Yawe moto, ila yasiunguze," alisema.

Lerionka akatumbukiza mguu. Maumivu yakapungua polepole. Kisha bibi akaivuta miiba iliyochomoza, mmoja mmoja, bila kuivunja. Akauosha mguu kwa sabuni na maji safi.

"Na iliyozama ndani?" Namelok aliuliza.

"Msiichokoe. Mingi hutoka yenyewe. Mguu ukivimba, ukitoa usaha, au homa ikija, mpeleke hospitali upesi."

Namelok akainamisha kichwa. "Bibi, Kisioki naye angepona?"

"Mungu ndiye ajuaye. Lakini kisu kile hakikumsaidia. Laiti mngeniita."

Mguu wa Lerionka ulipona. Tangu hapo hakuingia kwenye miamba bila viatu vya ngozi nene, na fimbo ya kupapasia mbele.

Kazi ilipokwisha, walirudi nyumbani. Mama yake Lerionka aliwapokea. Akatazama njia nyuma yao, akimtafuta Kisioki. Ndipo wakamweleza yote.

 Baadaye, vijana wengine wa kijijini walipojiandaa kwenda pwani kutafuta kazi, mama aliketi akawashonea viatu vya ngozi.

"Vaa, mwanangu," alimwambia kila mmoja. "Kwenye miamba usiende pekupeku. Ukichomwa, maji ya moto, si kisu."

Vijana wale walirudi wote kwa miguu yao.