Kitabu Kilichopitia Mokambo

— Na hii iko ya nini? Alima aliuliza, akiinua kijitabu chenye jalada la kijani.

— Ya dawa. Muganga mumoja wa dispanseri ameandika namna ya kuponya tumbo ya batoto.

— Na hii?

— Ya polisi. Saa ya padri inaibiwa, bantu banatafuta mwizi mupaka wanachoka, kumbe mwizi njo padri mwenyewe.

— Weye, Floribert! Ulishamaliza utamu yote! Sasa nitaiuzisha namna gani?

— Ambia bantu basimwamini mwenye kanzu.

— Kanzu gani? Sauti ya Baba Sudi ilitoka ndani, penye harufu ya gundi.

— Ya padri, baba! Yako hapana!

Alima alicheka hadi akaegemea ukuta. Floribert aliinamisha uso, akajifanya anapanga vitabu vilivyokwisha kupangwa.

Inafaa ieleweke mapema jinsi meza hiyo ya vitabu ilivyofanya kazi. Mwaka ule wa 1970, mtu wa Lubumbashi aliyekuwa na hadithi kichwani hakungoja kampuni ya uchapaji imkubalie. Aliipiga kwenye stensili, akambembeleza rafiki mwenye mashine ya roneo, ya kurudufu, ofisini, kisha akaleta karatasi kwa Sudi, mjalidi wa mtaa wa Kamalondo, ambaye wazee wake walitoka Maniema. Sudi alishona na kubandika. Binti yake, Alima, aliuza barazani. Vitabu vya kila namna viliingia ulimwenguni kupitia nyumba ile: sala za makatekista, tafsiri za ndoto, ngano za Waluba, sifa za timu za mpira, mapenzi ya machozi.

Lakini Alima hakuweza kuvisoma. Zamani za Wabelgiji shule zilikuwa za misheni, na Sudi hakukubali mwanawe abatizwe ndipo apewe daftari. Msichana alisoma madrasa. Aliisoma Kurani vizuri, na Kiswahili alikiandika kwa herufi za Kiarabu. Herufi za Wazungu alizitambua kama mtu anavyotambua mbuzi wa jirani, kwa rangi tu. Kwa hiyo kila kitabu kipya kilipita kwanza katika kinywa cha mtu mwingine, kikaingia masikioni mwake, ndipo yeye akawaeleza wanunuzi kilichomo.

Hapo awali kinywa hicho kilikuwa cha Djuma, mchumba wake. Djuma aliandika mchezo wa kuchekesha kuhusu shefu mfupi aliyemwagiza fundi viatu amwongezee kisigino kila juma. Mji mzima ulicheka, isipokuwa shefu mmoja mfupi wa serikali. Djuma akavuka mpaka kwenda Zambia, na tangu hapo halikuja neno lolote. Sasa kinywa kilikuwa cha Floribert, karani wa ofisi moja mjini, Mkatoliki mwenye asili ya Kongolo. Alikuja kila jioni filimbi ya kiwanda ilipolia. Alikwisha kumwomba Alima ndoa, akasema yuko tayari hata kusilimu. Jibu lilikuwa: ngoja.

— Iko ingine, Alima alisema, akitoa pakiti chini ya meza. Mama Chileshe, muuzaji wa mpakani, ameileta asubuhi pamoja na sabuni zake. Ilichapwa Mufulira, kule Zambia, ikapitia soko ya Mokambo. Haina jina ya mwenye kuandika. Laurentine alishabeba moja, hata hakungoja nimupe chenji. Eko anaenda Kongolo kwa matanga, anataka ya kulilia mu treni.

Floribert alifungua, akasoma:

— “Fundi cherehani Amadi alimpenda binti wa mjalidi. Kila asubuhi binti huyo aliionja gundi ya muhogo kwa ncha ya ulimi, akasema: bado, haijaiva.”

Mkono wa Alima ulisimama juu ya meza.

— Rudilia.

Akarudia.

— Ni Djuma! Baba! Baba, kuja! Djuma iko muzima! Nani mwingine aliniona naonja gundi?

— Miye pia nilikuona, alisema Floribert.

— Weye hauko Mufulira! Soma, ndugu yangu, soma!

Floribert alimtazama. Jioni zote alizokaa pale hakuwahi kuuona uso ule. Ulikuwa uso wa mtu aliyefunguliwa mlango. Alisoma ukurasa mmoja baada ya mwingine: jinsi Amadi alivyokimbia kwa sababu ya wimbo, alivyoshona makoti ya wageni, alivyohesabu milio ya treni upande wa pili wa mpaka. Sudi alisimama kizingitini na mikono yenye gundi, akisikiliza. Kisha Floribert akafika ukurasa wa mwisho, akaupitia kwanza kwa macho.

— Unangojea nini?

— Wino imefifia.

— Sogea ku mwangaza.

Alisogea. Alisoma akiwa amewapa mgongo:

— “Amadi akaona kwamba njia ya kurudi imefungwa. Akaoa huko Kitwe, akapata mtoto. Akasema: binti wa mjalidi asiningoje, aolewe, na awe na amani.”

Watoto wa lupango, ua wa jirani, walikuwa wakigombania mpira.

— Njo mwisho? Alima aliuliza.

— Njo mwisho.

— Amechapa kitabu muzima juu ya kuniambia hivi?

— Labda aliona haya kukuandikia barua. Hizi zingine nitabeba miye, nitauza ofisini. Ukiziona kila siku utaumia.

Alima aliisukuma pakiti kwake bila kuitazama.

Kiangazi kilipita. Nyasi zilichomwa kandokando ya mji, vumbi jekundu likaingia hata ndani ya chumvi. Siku moja Alima alimwambia Floribert: sawa. Hakulia wala hakucheka. Baba Sudi aliwaita wazee wa msikiti, siku ikapangwa, na mvua za kwanza zikaja zikaikuta nyumba inapakwa chokaa.

Ilibaki siku moja Laurentine aliporudi kutoka Kongolo, ambako matanga yalimshika kiangazi chote. Alikuwa mke wa fundi wa reli, mwanamke wa sauti kubwa, aliyesoma kila hadithi ya mapenzi iliyopita Kamalondo. Kabla hajaweka chini mzigo wake alikuwa tayari anapiga kelele barazani.

— Alima! Ile kitabu ya fundi cherehani! Nililia mu treni mupaka soda mumoja mwenye bunduki akanipa fasi yake ya kukaa!

— Nililia pia. Kuacha binti wa bantu juu ya muke wa Kitwe!

— Muke gani wa Kitwe?

— Ule aliyemuoa, akazaa naye.

— Mama yangu! Amadi hakuoa muntu! Tulisoma kitabu moja ao mbili?

— Laurentine, usinichezee leo. Kesho ni ndoa yangu.

— Nikuchezee juu ya nini? Sikia, njo hii. Laurentine alikitoa kapuni, akalamba kidole, akafungua nyuma. “Nitakuwa Mokambo kila siku ya soko, tangu nyasi zinapochomwa hadi mvua ya kwanza. Njoo, tuvuke pamoja. Mvua ikinikuta peke yangu, nitavuka mimi.”

Alima alikaa chini, juu ya sakafu.

— Nani alikusomea ya kwako? Laurentine aliuliza, sasa kwa sauti ndogo.

Alima alimpokonya kijitabu, akakaza macho kwenye ukurasa ule. Mistari ilikuwa pale yote. Haikumwambia kitu.

— Niachie, alisema. Na kesho ufike mapema, ukae karibu na mulango. Nina binywa mbili na macho hata moja hakuna. Nataka kinywa yake iseme tena, weye ukiwa pale.

Kesho yake wazee walikaa kwenye mikeka, mvua ikipiga mabati. Floribert alikuwa amevaa kofia nyeupe iliyomkaa vibaya. Mjomba wake alikuwa ameweka sinia la mahari katikati, lenye kitambaa juu, na imamu alikuwa anasafisha koo ili amtamkishe shahada. Ndipo Alima alipotoka chumbani, jambo ambalo bibi harusi hafanyi.

— Alima! Rudi ndani! Sudi alisema.

— Nitarudi, baba. Floribert anisomee kwanza.

— Nikusomee leo? Mbele ya bantu? Floribert alijaribu kutabasamu, hadi alipoona jalada.

— Ukurasa wa mwisho tu.

— Wapi ulipata hii?

— Soma.

Floribert aliinua macho, akamwona Laurentine penye mlango, mikono kifuani. Akaufungua ukurasa. Alianza kwa sauti ya chini, na mzee mmoja kiziwi akaomba apaze, ikambidi apaze. Aliposema “hadi mvua ya kwanza,” wote walisikia paa.

— Endelea, alisema Alima.

— “Mvua ikinikuta peke yangu, nitavuka mimi.”

— Na muke wa Kitwe?

— Hayuko.

— Na mutoto?

— Hayuko, Alima.

— Zile zingine zote, ulizoenda kuuza?

— Nilichoma.

Baba Sudi alizungumza polepole, kama mtu anayepima karatasi kabla ya kukata.

— Mwanangu, nilikuwa nimesimama pale pale. Juu ya nini ulifanya vile?

— Niliona uso yake, baba. Aliposema jina ya Djuma. Nikajua ule uso hatanipa miye hata siku moja.

— Na hii uso aliyokuletea leo, ulikuwa unaitaka?

Floribert aliivua kofia. Sudi alilisukuma sinia kwa ncha za vidole hadi likagusa magoti ya mjomba. Imamu alifunga kitabu chake. Wageni walipoondoka walipita mvuani bila kumgusa bwana harusi, kana kwamba kanzu yake ilikuwa na rangi mbichi.

Sudi na bintiye walipanda kamiyo, lori la unga, hadi Mokambo. Chileshe waliyemkuta pale, nyuma ya marobota yake ya sabuni, alijifuta mikono muda mrefu kabla ya kusema.

— Alikuwa hapa. Kila soko alikaa pale, penye bauza samaki. Ananiuliza: Mama Chileshe, kitabu kilifika? Nikamuambia kilifika, nilikiweka miye mwenyewe ku mikono ya Alima. Ananiuliza tena: una hakika? Nikaapa. Alinikataza kutaja jina yake Lubumbashi.

— Na mvua ilipokuja? aliuliza Alima.

— Akavuka kuja Lubumbashi. Alisema labda unagonjwa. Hakufika hata ku barabara. Banaume bawili, gari ya jipu haina namba. Walimwita kwa jina yake.

— Walimupeleka wapi?

— Mama, hiyo nani anauliza hapa?

— Juu ya nini asiniandikie barua tu! Hata kwa herufi za Kiarabu, ningesoma mwenyewe!

— Barua wanafungua. Ya Kiarabu wangefungua mbele ya zote. Kitabu ya mapenzi hakuna soda anayesoma. Alisema hivi: Alima lazima asomewe kila kitu kinachofika ku meza yake. Alijua muntu atakusomea. Hakujua ni nani.

Walirudi. Alima alizunguka milango ya magereza akiwa na sahani iliyofungwa kitambaa, na kila mlango ulimwambia kwamba jina hilo halipo. Meza ilibaki ndani. Laurentine alijitolea kusoma vitabu vipya. Alima alimshukuru, akasema si sasa.

Mvua zilikuwa zinakaribia kwisha Floribert alipotokea barazani. Alikuwa amekonda, na hakuomba kiti. Mjini ilikuwa inajulikana kwamba amepoteza kazi kwa kuulizauliza mambo yasiyomhusu katika ofisi zisizo zake.

— Sikuja kuomba musamaha, alisema.

— Basi sema kilichokuleta.

— Nilimupata. Alima, Djuma alikufa. Alitoka damu ya tumbo, hawakumupa dawa. Walimuzika nyuma ya kambi ya basoda, hakuna alama.

Alima hakusogea. Sindano ya kujalidi ilikuwa katikati ya vidole vyake.

— Nani alikuambia?

— Mulinzi wa ile kambi. Alikuwa naye usiku wa mwisho. Nilimulipia pombe mupaka akasema.

— Nimuone.

— Walimuhamisha. Siku mbili nyuma yake nikaenda, hayuko.

— Iko karatasi?

— Karatasi gani, Alima? Bantu kama bale banaandika?

— Nani mwingine anajua?

— Hakuna. Miye peke.

— Apa.

— Ninaapa kwa Mungu yangu na kwa ile dini nilitaka kuingia.

Alima alimtazama usoni, akiipita kila sehemu taratibu: macho mekundu, mashavu yaliyoingia ndani, midomo iliyopasuka. Alikuwa anasema kweli, au alikuwa anafanana sana na mtu anayesema kweli. Siku ile aliposoma uongo penye mwangaza, alikuwa amempa mgongo. Alima hakuwa na uso wa kulinganisha.

— Basi hakuna muntu anajua, alisema Alima.

— Alima, safari hii sikubadilisha kitu!

— Labda. Enda nyumbani, Floribert.

Alikwenda. Baba Sudi, aliyesikia yote kutoka ndani, alitoka akaketi karibu na bintiye. Mzee alikwisha kutawadha. Matone yalikuwa bado kwenye ndevu zake. Aliinua viganja.

— Mwanangu, tumuombee marehemu?

— Kwa neno ya nani, baba?

Viganja vya mzee vilibaki hewani, chini kidogo ya kifua, navyo havikupanda wala kushuka.