Chapuchapu na Picha za Mtego

Kila siku baada ya masomo, Chapuchapu alipanda ngazi hadi ofisini kwa mama yake, akaketi kando yake kumngoja. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu alifagia chapuchapu, na vumbi likabaki palepale.

Watu wakisikia "kampuni ya teknolojia" hudhani ni raha tupu na viti vya kuzunguka. Viti vilikuwepo, ndiyo, ila cha mama kilikuwa kimevunjika mgongo. Kampuni ile ilizifundisha kompyuta za magari kuona. Picha ya barabara ikitokea kwenye skrini, mama alichora kisanduku kumzunguka kila mtu aliyemo, akabonyeza, ikaja nyingine. Na nyingine. Na nyingine tena. Lo! Hata mwewe angeomba likizo.

"Shikamoo, mama. Mbona macho mekundu hivyo? Si upumzike!"

"Marahaba. Nikipumzika, fungu hili la picha nani atalimaliza? Kaa hapo, usiguse kitu. Naenda kunawa uso."

Mama akachelewa. Chapuchapu alimwonea huruma kwelikweli. "Kwani kuna ugumu gani?" alijiuliza, akakikalia kiti. Akachora visanduku, akabonyeza, mbio mbio. Watu wa mbali, wadogo kama punje za mchele, akawaruka.

Mama aliporudi, fungu lilikuwa limekwisha. "Alaa! Kumbe nilibakiza chache hivyo?" alishangaa. Chapuchapu, aliyekwisha kurudi mahali pake, akainamia hesabu zake za shule.

Asichokijua ni kwamba kati ya picha zile kampuni ilikuwa imeficha nyingine za mtego, ambazo majibu yake yalijulikana, ili kuwapima wafanyakazi. Kabla mama hajafunga mkoba, kompyuta yake ilijifunga. Msimamizi akaja, uso umemkunjamana.

"Dada, picha za mtego umezikosa zote. Hata wewe! Kwa utaratibu wetu, natakiwa kukuondoa kazini leo hii."

Mama alishika kichwa. "Labda nilisinzia," alisema kwa sauti ndogo. "Siku hizi macho yananisumbua, mkuu. Niliogopa kusema, nisije nikaonekana siwezi kazi." Machozi yakamtoka.

Chapuchapu aliacha hesabu zake. Mama alikuwa anayalaumu macho yake kwa kosa lisilo lake! Akinyamaza, yeye atapona, lakini mama ataangamia.

"Ni mimi!" alisema huku akilia. "Mama alikuwa ameenda kunawa. Nilitaka apumzike, basi."

Mama alimkodolea macho, hoi, hata nguvu ya kugomba hana. Msimamizi alifungua picha moja kwenye kompyuta ya jirani. Barabara, lori, na mbali kabisa, msichana mwenye mkoba wa shule mgongoni.

"Huyu hukumwona?"

"Nilimwona."

"Mbona hukumchora?"

"Alikuwa mdogo."

Msimamizi alishusha pumzi. "Basi gari litakalojifunza kwa picha hii nalo halitamhesabu."

Chapuchapu alisogea karibu na skrini, akamtazama tena yule msichana.

Kwa kuwa ukweli ulijulikana, mama hakuondolewa. Lakini fungu zima lilipaswa kurudiwa tangu mwanzo, na msimamizi alisema hatamfungulia kompyuta mpaka akapimwe macho. "Na kuanzia sasa, ukichoka useme," aliongeza. "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Wakashuka ngazi polepole, mama ameshika ukuta.

"Mama, nisamehe."

"Nimekusamehe. Umenitia matatani, kisha umenitoa. Na mimi nilikosea kuficha uchovu wangu," mama alisema. "Ila shika hili, mwanangu: msaada wa kweli haufanywi kwa siri, wala haumruki mtu kwa kuwa ni mdogo."

Nje magari yalikuwa yanapita. Kwa kawaida Chapuchapu angevuka mbio, mama akimwita kwa nyuma. Safari hii alisimama ukingoni, mkoba mgongoni, akamshika mama mkono, wakangoja mpaka barabara ikawa tupu.