Maziwa ya Deisy

Jumamosi hiyo soko la El Hueco lilifurika wanunuzi wa nguo. Deisy Londoño alikuwa akijipenyeza na glasi ya juisi ya embe alipogongana na kijana mmoja, na juisi yote ikaishia kwenye shati lake jeupe.

"Samahani, kaka!"

Kijana hakulitazama shati. Aliitazama blauzi nyekundu iliyombana Deisy kifuani.

"Kilicholowa ni shati, bwana. Mbona unaangalia kwingine?"

"Shati nitalifua. Huko kwingine nitakuona wapi tena?"

Deisy alicheka bila kupenda. Kijana aliitwa Wilmar, muuza suruali za jinzi katika duka la hapo sokoni. Wiki ya tatu ya mapenzi yao Deisy alimwambia ukweli: matiti yale aliwekewa vifuko vya silikoni akiwa na miaka ishirini na mbili.

"Malkia wangu, umeniona nikilalamika?" Wilmar alimbusu shingoni.

Wakahamia pamoja, na mimba ikaingia. Mwezi wa saba, asubuhi moja, dang'a ya manjano ilimvuja Deisy matitini ikalowesha shuka. Akamwamsha Wilmar kwa furaha. Wilmar alijivuta hadi ukutani, uso ameukunja kama mtu aliyekanyaga kinyesi.

"Nini hicho? Futa, futa!"

"Maziwa ya mtoto, mpenzi."

"Maziwa gani? Huo ni usaha wa plastiki. Mwanangu hanyonyi uchafu huo."

Mama yake Wilmar, Doña Ofelia, aliyekuwa amewaletea arepa, mikate ya mahindi ya moto, alitema mate kwenye sinki. "Unyonyeshe hivyo viputo? Ptuu!"

Wilmar hakumkanya. Tangu siku hiyo alilala amempa Deisy mgongo, na nguo zake akazifua mbali na za Deisy. Baada ya wiki mbili Deisy alifunga virago, akarudi kwa mama yake.

Alijifungua msichana, Salomé. Muuguzi alilikagua kovu lililojificha chini ya titi. "Mirija haikuguswa. Silikoni iko nyuma, maziwa yako mbele. Mnyonyeshe, na tutampima uzito kila wiki."

Titi la kulia lilitoa vizuri, la kushoto kwa shida. Palipopungua akaongeza kwa chupa. Salomé akanenepa mashavu.

Mtoto alipofika mwezi wa pili, simu ikalia.

"Malkia wangu, nimemuuliza daktari. Kasema hayana neno. Nakuja."

Alikuja amenyoa, ananukia marashi, na pete kiganjani. Salomé alikuwa ananyonya. Wilmar alitabasamu, akanyoosha mkono kulipapasa titi lile. Deisy akajivuta nyuma na mtoto.

"Toa mkono."

"Nimekuja kukuoa. Nilikosea, Deisy, sikujua."

"Na daktari angesema ni sumu?"

Wilmar aliifumba pete kiganjani.

"Ulipokuwa unayashika hukuuliza yana nini ndani. Yalipotoa chakula cha mwanao, ukanitazama kama choo kilichoziba."

"Nakupenda bado."

"Najua. Na mimi nimekulilia mpaka macho yakavimba. Lakini leo mkono wako umenisogelea, nimetaka kutapika." Alimfunika Salomé, aliyekuwa ameanza kusinzia. "Jumapili njoo umwone mwanao. Pete irudishe dukani."

Wilmar aliinama, akabusu kidole cha mguu cha Salomé. Mlangoni akageuka, machozi yakimtoka.

"Deisy…"

"Funga taratibu. Amelala."