Rangi Mgongoni

Mukashema alikuwa wa kwanza kufika mnadani Kayanga, kanga ya njano kiunoni, gambuti miguuni, na bado fahali wa mwisho alichukuliwa mbele ya macho yake. Mnunuzi alikuwa Apolinary, mchuuzi wa Muleba mwenye kofia ya pama, anayevusha ng'ombe Uganda. Papo hapo akampaka rangi nyekundu mgongoni, alama ya ng'ombe wa kuchinjwa ng'ambo.

"Wewe mwanamume, bucha langu liuze nini? Kwato?"

"Kiangazi kilichopita ng'ombe walishuka bei, wafugaji wakalia. Nani aliwanunua? Huku wamezidi, kule hakuna. Mimi nasawazisha tu, mrembo."

"Kasawazishe kwenu Muleba!"

Alimchukia kwelikweli. Shida ni kwamba kila mnada alimtafuta kwanza, ndipo amchukie. Kufikia masika walikuwa wachumba, na bado wanatukanana.

Kisha Apolinary akaharibu. Siku ya kupeleka mahari kwa Mzee Mbonimpa, baba yake Mukashema, alileta mitamba wanne. Aliye mzuri kuliko wote alikuwa amemtoa katika kundi la kuvushwa, na rangi bado iko mgongoni.

Mzee, mfugaji tangu utoto, alikunja uso.

"Shikamoo, mzee."

"Huyu ni nyama! Unamwoa binti yangu, au unampima kilo?"

"Ni rangi tu, mzee. Nanyi mnawaabudu mno hawa ng'ombe."

"Toka na nyama zako!"

Mukashema mwenyewe ndiye aliyewaswaga mitamba hao hadi barabarani. Wiki ya pili akaitwa posta kupokea simu.

"Mpenzi wangu..."

"Mpenzi wako yuko machinjioni." Akakata simu, akalia njia nzima.

Mwaka ukapita. Siku moja ya mnada Apolinary akaja akimwongoza ng'ombe yuleyule, rangi imefifia, ndama mwekundu ubavuni.

"Sikumvusha. Nilikosa adabu kwa mzee, najua. Huyu ndama hajapakwa na mtu. Nataka kuja tena, Mukashema."

Mukashema alimshika ndama shingoni. Machozi yalimtoka, akachukia kuonekana nayo.

"Utakuja. Ila kila mnada fahali mmoja abaki Kayanga. Kama ni kusawazisha, anzia hapa."

"Basi chagua."

Alimpokonya kopo la rangi alilobeba, akapita katikati ya mafahali ambao Apolinary alikuwa amewanunua siku hiyo, akasimama kwa yule mnene kuliko wote.

"Huyu hapakwi."

Apolinary aliumia, lakini akamkabidhi kamba ya fahali.