Tumbo la Mama Précieuse

"Mama Précieuse, hii mimba iko ya mwezi wa ngapi?"

Ngalula aliuliza kwa moyo mweupe. Alikuwa muuguzi wa kituo cha afya cha mtaa. Kila Alhamisi alizunguka nyumba kwa nyumba, hapa Kampemba, akiandika majina ya wanawake wenye mimba. Siku hiyo alisimama mlangoni pa depo, duka la jumla la Mama Précieuse, daftari mkononi. Hakujua kwamba mume wa Mama Précieuse hakuwa amelala nyumbani kwa miezi kumi na minne.

Mumbere alijua. Alikuwa kaka mkubwa wa huyo mume, na kwa watu wa kwao kaka mkubwa anahesabiwa kama baba. Alikuwa ameketi juu ya gunia la chumvi, akinywa chai. Akaweka kikombe chini. Akalitazama tumbo la shemeji yake kana kwamba analiona kwa mara ya kwanza.

"Siko na mimba," akasema Mama Précieuse. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Kahambu.

"Muganga njo anajua kuangalia matumbo," akasema Mumbere. "Mudogo wangu Kasereka iko Butembo, vita ilimufungia njia. Wewe huku unajaza tumbo. Yeye atasikia. Na mimi ntahesabu miezi. Siku mutoto atalia, utatoka mu hii depo na bitenge byako tu."

Ngalula alishika mdomo wake. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka.

Kesho yake Kahambu alienda kituoni. Alitembea polepole, akisimama kila pembe ya njia ili apate pumzi. Ngalula alimpima mkojo. Hakukuwa na mimba.

"Mama, unisamehe," akasema Ngalula. "Mudomo yangu ilikimbia mbele ya akili."

"Nipatie karatasi, nimuonyeshe Papa Mumbere."

"Ntakupatia. Ila panda kwanza kwa kilo. Na ulete mukono, nipime tension."

Kilo zilikuwa tisini na nane. Tension, yaani shinikizo la damu, ilikuwa kumi na saba kwa kumi, juu mno. Ngalula akapima mara ya pili, kisha ya tatu.

"Mama, mimba haiko. Lakini hii tension inaweza kukuangusha mbele ya watoto. Docta atakupatia vidonge, na utavimeza kila siku. Sasa niambie, jana ulikula nini, tangu asubuhi?"

Kahambu akaona haya. "Asubuhi, chai na biskuti. Katikati ya mchana, zile tambi za paketi. Jioni, mkate na soseji za kopo."

"Ulikunywa nini?"

"Sucré, soda. Chupa mbili. Pengine tatu."

"Biashara iko muzuri, basi!"

"Muzuri ya wapi? Ni avarie."

Akamweleza. Magari ya Mokambo yalileta bidhaa za katoni kutoka Zambia, na njia ilikuwa mbaya. Katoni zilipasuka, biskuti zikavunjika, makopo yakabonyea. Wafanyabiashara wanaita mali hiyo avarie. Hakuna mteja wa jumla anayeinunua. Kahambu hakutaka kutupa chakula wakati watu wa kwao wanalala njaa wakikimbia risasi. Basi alikula yeye. Na maharagi ya Kivu hayakuja tena kwa sababu ya vita.

"Nimechoka, Ngalula," akasema. "Nafunga depo miguu imevimba. Nani atawasha makala apike maharagi? Biskuti haiombi moto."

Ngalula hakumkemea. Alivuta kiti karibu.

"Nasikia. Lakini angalia. Biskuti imetengenezwa na unga mweupe, sukari na mafuta. Unakula paketi mbili, na baada ya saa moja njaa inarudi. Soseji na tambi ziko na chumvi nyingi, na chumvi inapandisha tension. Sucré ni sukari ndani ya maji. Hivi vyote vimepita mu mashine mpaka ile kazi ya tumbo imekwisha. Maharagi, matembele, viazi vitamu, karanga, tumbo linavifanyia kazi. Unashiba mapema, na unakaa umeshiba."

"Na avarie nitupe? Si ni zambi?"

"Mama, kile hakifai kwa muteja, unakitupa kwa nani? Unakitupa ndani yako."

 Hilo neno lilimwingia Kahambu.

Mumbere aliikataa karatasi. Alisema karatasi zinanunuliwa. Alimwandikia Kasereka maneno yake kwenye simu. Tangu siku hiyo, Kasereka hakupatikana tena. Kahambu alipiga, alipiga. Pengine mnara wa simu ulianguka. Pengine mume aliamini. Alimwomba Mungu ampe kujua ni lipi kati ya hayo mawili. Hakupewa.

Jambo moja tu lilikuwa mikononi mwake, nalo ni sahani yake.

Gari la Mokambo lilipofika, alisimama nyuma yake kabla ya kitu kushushwa. Alifungua turubai. Kila katoni iliyopasuka aliikataa, na dereva akatia sahihi.

"Ee mama! Umekuwa douane wa mpaka?" akacheka Constantin, dereva.

"Rudisha, Constantin. Tajiri yako ajifunze kufunga mizigo."

Avarie ikapungua. Kahambu alitafuta mama mmoja kutoka Lukafu anayeuza maharagi sokoni. Aliyaloweka asubuhi kabla ya kufungua depo, jioni yakaiva kwa makala kidogo. Alipika ya siku mbili. Aliacha unga mweupe, akasagisha mahindi yasiyokobolewa kwenye mashine ya mtaani. Alipika lenga-lenga, yaani mchicha, na nyanya na vitunguu, mafuta kijiko kimoja, na dagaa wachache aliowaosha chumvi itoke. Tonge la bukari, yaani ugali, lilikuwa kama ngumi yake, si kama kichwa cha mtoto. Wakati wa kiu alikunywa maji, na vidonge vya daktari alivimeza kila siku. Akiona njaa kabla ya saa, alikula karanga za kukaanga au kiazi kitamu.

Haikuwa rahisi. Juma la kwanza kichwa kiliuma kwa kukosa sukari. Juma la tatu alikula paketi nzima ya biskuti, amesimama nyuma ya magunia, akalia.

"Ulikula moja, siyo katoni," akasema Ngalula. "Leo anza tena."

Kila Ijumaa alienda kituoni kwa miguu. Kilo zilishuka mbili kwa mwezi, mwezi mwingine moja na nusu, mwezi mwingine hazikushuka. Wateja wakanong'ona kwamba mama anakonda, depo inaanguka. Aliwaacha wanong'one. Alikuwa na uchovu mwingi, hakuwa na nguvu ya kujibu kila mtu. Lakini pembe zile za njia, sasa alizipita bila kusimama.

Mwezi wa saba tangu siku ya karatasi, Mumbere aliingia depo, simu mkononi, sauti imefunguliwa.

"Kasereka iko ku laini. Amefika Beni jana, huko laini inapita. Leo utasema mbele yake." Akaonyesha kidole. "Tumbo ilikuwa. Leo haiko. Mutoto haiko. Ulitoa mimba wapi?"

Kahambu alishika meza. Miezi yote hiyo alikuwa ametayarisha maneno makali. Sasa hayakuja.

"Papa Mumbere, mimba haipungui kilo moja, kilo mbili kwa mwezi," akasema polepole. "Nilikuwa na tisini na nane. Leo niko na themanini na nane. Nilikuwa nakula avarie, njo ile tumbo. Waliniambia tension itaniangusha mbele ya watoto. Nikaacha biskuti, nikakula maharagi. Mutoto hakukuwa. Sina neno lingine."

Simu ilikwaruza. Kahambu alisikia pumzi ya mumewe, mbali.

"Mama Précieuse."

"Eee, baba."

"Hiyo tension, sasa iko ngapi?"

Machozi yakamtoka. "Kumi na tatu kwa nane."

"Mungu asifiwe." Kasereka akapaza sauti. "Yaya Mumbere, kaka yangu, ulihesabu miezi saba. Haukumuuliza hata siku moja kama anapumua muzuri? Mupatie simu. Nataka kusema na bibi yangu."

Mumbere aliiweka simu juu ya meza. Ilikuwa simu yake mwenyewe, lakini hakuingoja. Alitoka, akaelekea barabarani.