Waitara Amechoka Kufa

Harufu ya gongo ilianza kusikika katika banda la video la Oyoo, pale Kerende, saa nane mchana, na hakuna aliyekunywa. Oyoo akawatukana watazamaji kwa kipaza sauti: "Nani kaja na uchafu wake humu? Washamba nyie."

Kazi ya Oyoo ilikuwa kutafsiri sinema. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji tu, lakini alijiona profesa. Sinema iliyomjazia banda ilikuwa ya zamani, Wamarekani wanatorosha gongo kwa magari milimani, polisi nyuma yao. Watu waliipenda kwa sababu kazi hiyo waliijua. Jina la dereva lilimshinda kutamka, basi Oyoo akampa la Waitara, mbeba gongo wa pikipiki aliyezama Mto Mara pamoja na madumu yake mwaka juzi. Gari likiruka darajani, Oyoo alitangaza: "Huyo Waitara, kafa kama kondoo." Banda zima linavunjika mbavu. Kesho yake, tena.

Bhoke, mjane wa Waitara, akamfuata mlangoni, pale Gloria mke wa Oyoo alipokuwa akikaanga mihogo, tumbo limefika puani.

"Oyoo, jina la mume wangu halijapewa mtoto bado. Hana pa kukaa. Ukimwita kila siku atadhani umemkaribisha."

"Mama, mimi Mjaluo. Mizimu ya Kikurya haijui njia ya kwangu."

Bhoke akalitazama tumbo la Gloria. "Haya. Ataelekezwa."

Siku hiyohiyo, sinema ilipofika darajani, ile harufu ikazidi hata macho yakawasha, na gari ambalo kila siku lilitumbukia likasimama katikati ya daraja, maji yakaanza kuvuja milangoni mwake wakati chini hapakuwa na mto bali vumbi tupu, kioo kikashuka polepole, na aliyekuwa kwenye usukani hakuwa Mzungu tena bali mtu mweusi aliyelowa, majani ya mtoni yamemganda shingoni, akamtafuta Oyoo gizani mpaka akamwona, na spika zikatoa sauti ya Oyoo mwenyewe, naye Oyoo kafumba mdomo.

"Oyoo, nimechoka kufa. Mkeo anajifungua lini?"

Watu walitoka mbio hata kwa kutoboa ukuta. Profesa alikutwa chini ya benchi, suruali imelowa, na si kwa maji ya mto.

Wakampeleka kwa mganga, mzee Magige.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiye wewe unayejua Kiingereza?"

Oyoo akaketi mkekani.

"Chukua chupa ya gongo, nzuri, ile ya kwanza kutoka. Mmwagie mtoni alipozamia. Umwombe radhi, umwambie arudi kwa Bhoke, ndugu zake watampa mtoto wa kubeba jina. Umenielewa, au nitafute wa kukutafsiria?"

Alielewa. Lakini njiani ubahili na kiburi vikamrudia. Gongo nzuri imwagwe chini? Maiti ana ulimi gani? Akajaza chupa maji ya bomba, akamimina mtoni akipiga miayo, akaondoka. Mtu aliyekufa maji, akampelekea maji.

Gloria akajifungua mtoto wa kiume. Nesi alimnusa mara mbili, akamuuliza Gloria kwa sauti ya chini kama alikunywa kitu. Mtoto akalia. Mama yake Oyoo akamtajia majina ya ukoo, maana kwao mtoto hulilia jina, na likitajwa lake atanyamaza. Ogweno. Kilio. Odoyo. Kilio mpaka midomo ikawa ya bluu, pumzi inakatika.

"Baba yake," Gloria akanong'ona, "litaje, mwanangu anakufa."

"Silijui."

"Unalijua. Ulikuwa unalitangaza kwa spika."

Akalitaja Gloria mwenyewe: "Waitara."

Kimya. Mtoto akageuza shingo, shingo ambayo kichanga hana nguvu ya kuigeuza, akamkazia baba yake macho, na kooni mwake kikanguruma kitu kama injini inayopanda mlima na mzigo.

Banda sasa linaonyesha mpira tu. Bhoke hupita kila asubuhi kumsalimia mumewe, huku mwenye banda, aliyewahi kudharau Kerende nzima, akiinama kwenye kitanda cha mwanawe na kusema shikamoo. Mtoto bado hajaitika. Gloria amesema siku akiitika, yeye anarudi kwao Nkende.

Juzi midomo ilicheza.