Fomu Isiyowahesabu

Kaunta ya kituo cha polisi ilikuwa imefurika asubuhi ile: huyu kaibiwa simu, yule anamtafuta mwanawe, wawili wanagombea benchi. Mtakwimu alijipenyeza kwa bega, na gauni lake la bluu alilolipiga pasi alfajiri likakunjamana kabla hajafika mbele.

"Foleni ni ya wote, dada," alisema koplo wa kumbukumbu bila kuinua macho.

"Sijaibiwa kitu, afande. Nimetoka ofisi ya takwimu, nakuja kukagua hesabu zenu za uhalifu."

Ndipo koplo alipomtazama. "Basi subiri kidogo. Huenda ukaibiwa hapa hapa."

Mtakwimu akacheka bila kukusudia.

Kwa wiki tatu alilinganisha daftari la matukio na fomu zinazopelekwa makao makuu kila mwezi. Wizi ulilingana, uvunjaji wa nyumba nao ukalingana. Jambo moja tu lilikataa kumwingia akilini: mitaa yote ile, na hakuna hata mwanamke mmoja aliyepigwa na mumewe?

"Wanakuja," koplo alimwambia wakinywa chai. "Ila fomu haina nafasi yao. Tunaandika 'ugomvi wa nyumbani, wamepatanishwa', basi, wameishia hapo." Akavuta droo, akatoa daftari la shule. "Hawa niliwaandika mwenyewe. Miaka miwili, mia tatu na kumi na saba."

"Nani alikutuma?"

"Dada yangu alikuja hapa mara nne kabla ya kulazwa. Nilitafuta alikohesabiwa, sikumkuta popote."

Mtakwimu akalivuta daftari, akapiga picha kurasa chache kwa kumbukumbu zake. Tangu siku hiyo wakaanza kupigiana simu jioni, na wiki zilivyopita simu zikawa ndefu, zikageuka za wapenzi.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Mimi nahesabu siku tu za kukuona."

"Acha bwana, kuhesabu ni kazi yangu."

Ripoti ilipotoka, ilikuwa na picha ya ukurasa mmoja wa daftari lile. Mtakwimu alikuwa ameficha majina ya wanawake wote. Mwandiko hakuufikiria. Mkuu wa kituo aliutambua mara moja, na kesho yake koplo akatolewa ofisini, akapelekwa getini kuinulia magari kizuizi.

"Umeniuza," alisema kwenye simu.

"Jamani, majina yote niliyafunika!"

"Yao, ndiyo. Mimi je?" Akakata.

Mtakwimu alimpigia tena mara kumi na moja, simu haikupokelewa. Shangazi yake, aliyekuwa akiishi naye, alimtazama akizunguka sebuleni kama kuku anayetaka kutaga.

"Kosa ni lako au lake?"

"Langu, shangazi."

"Basi radhi haiombwi kwa simu. Vaa viatu."

Alimkuta getini saa sita mchana, jasho limemlowesha mgongo wa sare.

"Kitambulisho," koplo alisema kwa sauti kavu.

"Sikukuuliza," mtakwimu alijibu. "Daftari lilikuwa lako, na mimi nikalitumia kama langu. Nisamehe."

Koplo akainamisha kichwa. "Ungeniuliza, ningekubali. Hicho ndicho kinachoniuma."

Gari nyuma yao likapiga honi. Akainua kizuizi, likapita, akakishusha taratibu.

"Zamu yangu inaisha saa tisa," alisema.

Mtakwimu akamsubiri mpaka saa tisa.

Wiki ile ile mtakwimu aliwaandikia makao makuu kwamba katika vituo ishirini alivyokagua, ni mtu mmoja tu aliyeliona pengo la fomu, naye sasa analinda geti. Majibu yalichukua miezi minne. Fomu mpya ikaja na safu ya wanaopigwa majumbani, na koplo akaitwa kuwafundisha makarani wa vituo vingine.

"Afande," mmoja aliuliza darasani, "mwanamke akiamua kurudi kwa mumewe, bado tumwandike?"

"Mwandike. Kurudi ni uamuzi wake. Kupigwa ni tukio."

Mtakwimu, aliyekaa kiti cha nyuma, aliinama akajifanya anatafuta kalamu.

Mafunzo yalipomalizika walitoka pamoja hadi barabarani. Koplo alikuwa amevaa shati jeupe na suruali ya kijivu, kola imemkaa shingoni sawasawa.

"Nina swali," alisema. "Mimi huwa nauliza kwanza."

"Haya, nimestahili. Uliza."

"Utakubali nikuoe?"

Malori mawili yalipita kwa kishindo, yakalimeza jibu. Koplo akabaki amekodoa macho. Mtakwimu akamsogelea, akamshika mkono, akarudia kwa sauti ambayo hata wauza magazeti waligeuka kuisikia:

"Nimesema ndiyo!"